Mlio Ambao Luhaga Hakuusikia

Luhaga alifanya kazi kwenye kinu cha kuchambua pamba tangu ujana wake hadi mvi zilipomshika pembeni mwa kichwa. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya mashine zinazotenganisha nyuzi na mbegu, kuangalia zisikwame, na zikikwama kupiga kelele ili wenzake wazime umeme. Msimu wa pamba ukishika kasi, mashine hizo hazipumziki. Mtu akitoka humo ndani anaona watu wanafungua midomo na kuifunga, lakini maneno yao yanamfikia kama yanatoka ndani ya mtungi. Alipokuwa kijana, hali hiyo iliisha akilala na kuamka. Baadaye ikawa haiishi hata akilala.

Hakuwa kiziwi. Neno hilo alilikataa, na alikuwa na haki ya kulikataa. Ngurumo alizisikia, ng'ombe aliwasikia, na padri wa parokia yao, mwenye sauti nzito, alimsikia hadi amina ya mwisho. Shida yake ilikuwa sauti nyembamba, na sauti zinapochanganyika. Watu wawili wakizungumza kwa pamoja, kwake ilikuwa kelele moja tu isiyo na maneno. Ndege walikuwa wameacha kuimba pale kijijini Kasoli na hakujua waliacha lini. Simu yake aliijua kwa mtikisiko mfukoni. Na mke wake, Nyanjige, ambaye Mungu alimpa sauti nyembamba kama uzi, alikuwa amejifunza kusimama mbele yake kwanza, amtazame usoni, ndipo aseme.

Gari alilinunua alipostaafu. Lilikuwa gari dogo la kijivu, lililopita mikononi mwa watu wengine kabla yake, lakini Luhaga alilishika kama kitu kilichotengenezwa kwa ajili yake. Alilifuta vumbi kila asubuhi kabla hajanywa chai. Alibeba wagonjwa wa majirani, alibeba bibi harusi, alibeba magunia ya pamba hadi matairi ya nyuma yakalalamika. Watu wa Kasoli walidhani analipenda kwa ajili ya heshima. Sababu yenyewe hakumwambia mtu. Akiwa kwenye usukani, hakuhitaji kusikia. Barabara aliiona mbele, wengine aliwaona kwenye vioo, na hakuna aliyetarajia ajibu jambo. Ndani ya gari alikuwa mtu kamili kama wenzake.

Jumapili moja, wakirudi na gari kutoka kanisani, Nyanjige alimgusa bega.

"Baba Gloria, kuna kitu kinagonga."

Gloria ni binti yao wa pekee, ameolewa na anaishi Dodoma.

"Wapi?" aliuliza Luhaga.

"Mbele humo. Ko, ko, ko. Ukikanyaga mafuta kinakwenda haraka, ukiachia kinapungua."

Luhaga alipunguza mwendo, akasogea pembeni, akazima redio ambayo aliiwasha kwa ajili ya mke wake tu, akasikiliza. Alichosikia ni mngurumo ule ule wa siku zote, mkubwa, wa pamoja, kama vile mtu amesimama nje ya ukumbi uliojaa watu wanaozungumza. Humo ndani pengine alikuwepo mtu anayemwita kwa jina. Yeye hakumsikia.

"Ni barabara," alisema. "Mawe yanarukia chini ya gari."

"Tumesimama, baba Gloria."

Kweli, walikuwa wamesimama.

Alishuka, akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa ya moto, ilikuwa inatetemeka, na hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote. Alifunga boneti akarudi kwenye usukani. Nyanjige alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, anatazama mbele.

Wiki ile Luhaga alikwenda Bariadi mjini kwa Fredrick, fundi ambaye gereji yake iko nyuma ya soko, mahali ambapo ardhi imekuwa nyeusi kwa oili ya miaka mingi. Fredrick alimwambia aache injini ikiwaka. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye ubavu wa injini na mpini wake sikioni, akafumba macho. Aliihamisha hapa, akaihamisha pale. Akakunja uso.

"Mzee, njoo usikie mwenyewe," alisema, akampa bisibisi.

Luhaga aliipokea. Aliinama, akaweka mpini sikioni kama alivyoona fundi akifanya. Mngurumo ukaja, mkubwa kuliko alioujua, ukajaa kichwa kizima. Alitafuta ndani yake ile ko, ko, ko ya Nyanjige. Alitafuta kwa nguvu hadi jasho likamtoka. Mafundi wengine wa pale walikuwa wamesimama wanamtazama, mmoja akila muhogo wa kuchoma. Luhaga alinyanyua kichwa.

"Umesikia?" aliuliza Fredrick.

"Nimesikia."

"Basi hiyo si tapeti, vile vyuma vidogo vya juu, mzee. Inagonga chini, kwenye beringi. Liache hapa tuifungue. Ukiendelea kulitembeza, injini itanoki. Ikishanoki ndiyo imekufa, hakuna cha kurekebisha."

Luhaga alisema atarudi pamba ikishaisha shambani. Njiani alipita kwa fundi mwingine, ambaye alisikiliza kwa masikio matupu akiwa hata hajashuka kwenye pikipiki yake, akasema hao wa sokoni wanapenda kufungua injini za watu. Yeye alishauri oili nzito zaidi. Oili nzito ikawekwa. Nyanjige alipopanda tena, alisikiliza, akasema imepungua. Luhaga alishukuru Mungu moyoni. Lakini mashaka hayakumtoka. Alikuwa na mafundi wawili wenye maneno mawili, na hakuwa na sikio la kuamua kati yao. Mtu mwingine angewasha gari lake, akajua mwenyewe. Yeye alibaki kumtazama mke wake usoni kila walipoondoka, kuona kama atakunja uso.

Pamba iliisha, ikauzwa, na kabla Luhaga hajalirudisha gari kwa Fredrick, simu ikaja kutoka Nassa.

Nyanjige alizaliwa Nassa, kwa wavuvi. Baba yao alipofariki, aliyemlea ni kaka yake, Nathanael. Nathanael ndiye aliyekuwa akirudi kutoka ziwani alfajiri na kumwachia samaki wa kuuza ili apate daftari na sare za shule. Ndiye aliyekaa na wazee wa upande wa Luhaga wakati wa kupanga mahari, akapunguza ng'ombe kwa sababu alimpenda shemeji yake. Alikuwa amelazwa hospitali Mwanza kwa muda mrefu, na aliyepiga simu ni binti yake, Winnie.

"Shangazi, wametuambia tumrudishe nyumbani akae na watu wake," alisema. "Tumemleta jana. Kila anayeingia anauliza kama ni wewe."

Nyanjige aliweka simu chini, akaenda kusimama mbele ya mume wake. Alimweleza. Kisha akauliza:

"Gari litafika?"

Luhaga alitazama gari lake, lililokuwa limeegeshwa kando ya banda la kuku, safi, linang'aa.

"Litafika," alisema.

Angeweza kusema waende kwa basi. Lakini kwa basi wangeanza kwa kusubiri, wakashuka Lamadi, wakasubiri tena. Kwa gari lao wangefika kabla jua halijapanda sana. Hivyo ndivyo alivyofikiri, na mtu yeyote mwenye gari uani angefikiri hivyo hivyo.

Waliondoka asubuhi. Nyanjige alibeba michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyoichemsha na karanga, ikiwa bado moto ndani ya hotipoti, kwa sababu Nathanael aliipenda tangu utoto na pengine angekubali kuonja. Walipita Dutwa vizuri. Mashamba yalikuwa yamevunwa, yamebaki mabua makavu, na hewa ilikuwa na vumbi la kiangazi. Luhaga alikuwa akiendesha kwa utulivu, mikono miwili kwenye usukani, alipoona kwa pembe ya jicho mkono wa Nyanjige unashika dashibodi.

Luhaga alimtazama. Uso ulikuwa umekunjwa.

"Imeanza?" aliuliza.

Nyanjige alitikisa kichwa kukubali.

"Kwa nguvu?"

"Endesha pole pole, baba Gloria. Pole pole tu, labda itatufikisha."

Akapunguza. Gari la nyuma likawapita, likiwapigia honi ambayo Luhaga hakuisikia, aliona tu dereva akirusha mkono. Aliendesha akitazama barabara na uso wa mke wake, barabara na uso wa mke wake. Aliona anafumba macho. Aliona midomo yake inacheza, akajua anasali. Mguuni, kwenye pedeli, alihisi kitu ambacho hakuwahi kukihisi, kama mtu anayegonga sakafu kutoka chini kwa ngumi. Hapo ndipo alipoelewa, kwa mguu, kile ambacho mke wake alikuwa akimwambia tangu Jumapili ile.

Aliinua mguu kwenye mafuta. Alikuwa amechelewa. Kishindo kilipiga chini ya boneti, na hicho hata yeye alikisikia. Usukani ukawa mzito ghafla. Moshi ulipanda kwenye kioo cha mbele, gari likajiburuta hadi kwenye changarawe kando ya lami, likasimama. Nyuma yao barabarani kulikuwa na mstari mweusi wa oili.

Nyanjige alikuwa amekumbatia hotipoti.

Walishuka. Luhaga alifungua boneti, akafunga, akafungua tena. Hakujua anatafuta nini. Ubavuni mwa injini kulikuwa na tundu linaloingiza vidole, na ndani ya tundu kipande cha chuma kilichopinda. Alijaribu kuwasha. Hakuna kilichozunguka. Alijaribu tena, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya.

Watu hawakosi hata mahali pasipo na nyumba. Walikuja kutoka mashambani, wakasimama, wakainama kutazama tundu. Mmoja alisema ni maji yalipungua. Mwingine alisema ni oili. Wa tatu alisema magari ya siku hizi ndivyo yalivyo. Walizungumza wote kwa pamoja na Luhaga hakupata hata neno, ila aliona vichwa vinavyotikisika, na hivyo vilimtosha. Baada ya hapo wakaondoka mmoja mmoja, wakimpa pole.

Haisi zilizopita zilikuwa zimejaa hadi makondakta wananing'inia mlangoni. Nyanjige aliinua mkono kwa kila moja. Katikati ya hizo simu ikaita. Luhaga aliona anavyojinyoosha kabla hajapokea, kama mtu anayeitwa mbele za watu.

"Tuko njiani, Winnie," alisema. "Tuko njiani, mwanangu. Mwambie tunakuja."

Alipokata simu, alikaa chini kwenye changarawe, miguu ameinyoosha mbele kama watu wanavyokaa msibani.

Jua lilikuwa limeshakuwa kali wakati lori lililobeba mashudu ya pamba liliposimama. Dereva alisalimia, akajitambulisha kwa jina la Shija, akasema anakwenda hadi Lamadi.

"Mwadila, baba. Pole sana na gari. Nafasi ninayo moja tu hapa mbele, juu mashudu yamejaa. Nichukue yupi?"

"Mchukue mama," alisema Luhaga. "Ana mgonjwa Nassa."

Nyanjige hakupanda. Alikuja akasimama mbele ya mume wake, karibu kabisa, kama alivyozoea.

"Na wewe?"

"Nitabaki na gari. Nimempigia Fredrick, nimemwambia nilipo. Nadhani amesema anakuja."

"Unadhani?"

"Nilisikia kitu kama anakuja."

"Nikikupigia simu hutasikia, baba Gloria."

"Nitamtafuta mtu anisikilizie. Nenda. Nenda, Nyanjige, anakungoja."

Shija alipiga honi, pengine kwa upole. Nyanjige alipanda. Kwenye ngazi ya lori alijikwaa kidogo kwa sababu hakukubali kuachia hotipoti, dereva akamshika mkono. Lori liliondoka, na Luhaga alilitazama hadi likawa doa jeupe kwenye lami, kisha likapotea.

Alibaki na gari lake. Alikaa ndani, joto likamtoa. Alikaa kwenye kivuli cha gari, kivuli kikawa chembamba. Alifikiri njia aliyobaki nayo mkewe: atakuwa amefika Lamadi, atakuwa amepata gari la kwenda Nassa, atakuwa ameshuka, anatembea kwenda nyumbani kwa kaka yake. Alimtembeza hivyo akilini, hatua kwa hatua, akamwingiza mlangoni, akamkalisha kando ya kitanda.

Simu ikatikisika mfukoni.

"Haloo!" alisema kwa nguvu. "Haloo, mama Gloria!"

Sauti ilikuwepo. Aliijua ni ya mke wake kama mtu anavyojua mwendo wa mtu wake kwa mbali bila kuona uso. Lakini maneno hayakuwepo. Ilikuwa uzi mwembamba unaopanda na kushuka, unaokatika, unaoanza tena.

"Sisikii! Sema pole pole!"

Uzi ulipanda. Luhaga alibana sikio la pili kwa kidole. Akageuka huku na huku. Upande wa pili wa barabara alikuwa anapita mama mmoja amebeba beseni la nyanya kichwani. Luhaga alivuka lami bila kutazama pande zote, akamnyooshea simu.

"Mama, nisaidie. Nisikilizie. Masikio yangu hayapati. Ni mke wangu huyu."

Yule mama alimtazama, akatazama gari lenye boneti wazi, akaelewa nusu. Alishusha beseni akalikalisha chini kwa uangalifu nyanya zisiviringike, akafuta mkono kwenye kanga, akaweka simu sikioni.

"Haloo? Mayu, samahani, mimi siye. Naitwa Evalina, napita tu hapa barabarani. Mzee ameniomba nikusikilize. Ndiyo. Ndiyo, yupo hapa, mzima."

Kisha akasikiliza. Luhaga alimtazama usoni. Kwa miaka mingi alikuwa amezoea kusoma nyuso, na uso wa Evalina haukujua kuficha. Aliona macho yanashuka chini. Aliona mkono unakwenda mdomoni.

"Oo, mayu," alisema Evalina. "Pole. Pole sana, mayu. Nitamwambia. Nitamwambia mimi."

Akarudisha simu, akaishika kwa mikono miwili kama mtu anayempa mzee kitu cha thamani. Alisogea karibu, akanyanyua kichwa kufikia sikio lake, akasema kwa sauti nzito aliyoitoa kifuani, neno moja moja:

"Baba. Mkeo bado yuko Lamadi. Hajapata gari. Wamempigia kutoka nyumbani. Kaka yake hayupo tena."

Luhaga alisikia kila neno.

"Wabeja, mama," alisema, kwa sababu hivyo ndivyo mtu anavyojibu akisaidiwa.

Evalina hakuondoka mara moja. Alikaa naye kwa muda kando ya beseni lake, mtu asiyemjua. Alipoinuka, alimwachia nyanya kadhaa juu ya kiti cha gari, akaenda zake.

Fredrick alifika alasiri na gari la kuvuta. Alitazama tundu kwenye injini, akapiga ulimi. Walifunga kamba nene mbele ya gari dogo la kijivu, na Fredrick akamwambia Luhaga akae kwenye usukani, aliongoze, na akanyage breki kwa nguvu zote maana injini ikiwa imezima breki hukauka na kuwa ngumu. Kisha wakageuza.

Kurudi Bariadi. Luhaga hakuwa amefikiri juu ya hilo hadi gari lilipogeuka. Nassa ilikuwa kwenye kioo cha nyuma. Mke wake alikuwa amekaa stendi ya Lamadi na hotipoti ya michembe, analia mbele ya wapita njia, na yeye alikuwa anavutwa kwa kamba kwenda upande mwingine, mikono kwenye usukani usiotii vizuri, miguu kwenye breki nzito. Alichoweza kufanya ni kuhakikisha halimgongi aliye mbele. Dutwa ilipita tena. Watu kando ya barabara waligeuka kuangalia gari linalovutwa, kama watu wanavyofanya siku zote.

Kesho yake alikwenda Nassa kwa basi, akafika watu wakiwa wamejaa uani na kaburi linachimbwa. Nyanjige alikuwa amekaa ndani na wanawake, kichwa amefunga kanga. Alimwona mume wake mlangoni, akainua macho, akayashusha.

Baada ya mazishi, wakiwa wamekaa kwenye mikeka, dada mmoja mkubwa wa ukoo alimgeukia Nyanjige. Luhaga alikuwa upande wa wanaume, mbali kidogo, katikati ya mazungumzo ambayo kwake yalikuwa mvumo tu. Lakini alimwona yule dada akinyoosha kidole kuelekea kwake, akaona midomo yake ikisema gari. Akaona midomo ya Nyanjige ikijibu. Neno lilikuwa fupi na alilisoma kama limeandikwa ukutani.

Ghafla. Liliharibika ghafla.

Yule dada akatikisa kichwa kwa huzuni, wanawake wengine wakatikisa vichwa, na habari ya gari ikaishia hapo. Luhaga aliinamisha uso wake kwenye kikombe cha chai. Kama Nyanjige angemlaumu mbele ya ndugu zake, angejua pa kuweka aibu yake. Sasa hakujua aiweke wapi. Na walipolala, na walipoamka, na siku zilizofuata hadi wakarudi Kasoli, Nyanjige hakulizungumzia tena, wala Luhaga hakupata mahali pa kuanzia.

Bariadi, Fredrick alikuwa ameishusha injini na kuitandaza juu ya turubai. Alimwonyesha Luhaga chuma kilichokatika, kile kinachoshika pistoni, namna kilivyoruka na kutoboa ubavu. Vipande vingine vilikuwa vimechubuka hadi vinang'aa kama shaba.

"Ilikuwa inagonga kwa nguvu sana?" aliuliza Luhaga.

Fredrick alimtazama kwa mshangao.

"Mzee, si ulisikiliza mwenyewe?"

Luhaga alichuchumaa, akaokota kipande kimoja, akakigeuza, akakirudisha pale kilipokuwa.

Injini nyingine, ya mtumba, iliagizwa Mwanza. Ilichelewa. Kila Luhaga alipokwenda gereji alikuta gari lake limesogezwa kona nyingine, boneti wazi, kuku wanadonoa chini yake. Mara betri ilikuwa imeazimwa gari jingine, mara kioo cha pembeni kilikuwa kimevunjika na hakuna aliyejua nani alikivunja. Mwisho injini ilikuja, ikafungwa, na Fredrick akampigia simu jirani aje amwambie mzee gari liko tayari.

"Sikiliza ilivyotulia," alisema Fredrick, ameiwasha, anatabasamu kwa moyo mweupe.

Luhaga alisimama mbele ya boneti. Mngurumo ulikuwa ule ule. Kwake, injini nzima na injini inayokufa zilikuwa kitu kimoja. Akamgeukia fundi aliyekuwa akibadilisha tairi pembeni.

"Kijana, inagonga?"

"Haigongi, mzee."

Akamuuliza mtu mwingine aliyekuwa anasubiri gari lake. Yule alisikiliza, akainamisha kichwa.

"Kidogo. Lakini za mtumba zote ndivyo zilivyo."

Alilirudisha Kasoli kwa mwendo wa baiskeli. Akaliegesha uani, akaliacha linaunguruma, akamwita mke wake. Nyanjige alitoka jikoni, mikono ina unga. Hakuwa amelikaribia gari hilo tangu Dutwa. Alisimama mbele ya boneti kwa muda mrefu, ameinamisha kichwa, na Luhaga alimtazama usoni kama alivyokuwa akimtazama siku ile barabarani. Safari hii uso haukumwambia kitu.

"Inagonga, mama Gloria?"

"Sijui."

"Sikiliza vizuri."

"Nimesikiliza." Alijifuta unga kwenye kitenge, akaja akasimama mbele yake. "Tangu siku ile nasikia kugonga kila mahali, baba Gloria. Kinu cha majirani, ng'ombe akipita, hata nikiwa nimelala. Usiniulize mimi tena."

Akarudi jikoni. Luhaga alizima gari. Hakuwahi kulitoa barabarani tena. Lilikaa hadi mvua za kwanza, ndipo mfanyabiashara mmoja wa Nkoma akaja, akaliwasha, akasikiliza kwa masikio yake mwenyewe, akakubali kulichukua. Alisikia nini, hakusema, na Luhaga hakumuuliza. Aliondoka nalo kwa mwendo wa kawaida, akaonekana hadi kwenye kona ya shule.

Siku hizi Nyanjige anakaa sana Nassa. Winnie alibaki na wadogo zake na shamba la mpunga, na mtu mzima anahitajika. Anakwenda kwa basi, anakaa, anarudi, anakwenda tena. Binti yao alimwambia baba yake aende hospitali kubwa Mwanza akapimwe masikio, akaenda, wakamwambia kilichoondoka hakirudi, labda kifaa kinaweza kumsaidia kidogo, na kifaa hicho bado anakisubiri. Nyanjige si mtu wa kuandika meseji. Anapiga simu jioni, jua likiwa bado juu kidogo, na Luhaga akihisi mtikisiko mfukoni anatoka mbio kwenda kwa jirani yao, Anyesi, ambaye humkuta akipepeta mahindi au akipika.

Juzi alipiga. Anyesi alisikiliza, akaitikia, akacheka kidogo, kisha akamgeukia Luhaga na kusema kwa sauti nzito aliyojifunza:

"Anasema atakaa hadi mpunga uvunwe. Anauliza kama huku salama."

Luhaga aliichukua simu, akaisogeza mdomoni kwa mikono miwili.

"Kaa tu, mama Gloria," alisema kwa nguvu. "Kaa uwasaidie. Huku salama. Nakula vizuri."

Alingoja. Uzi mwembamba ulipanda sikioni mwake, ukashuka, ukanyamaza. Hakujua kama amemaliza kusema au simu imekatika. Alimpa Anyesi tena, Anyesi akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Amekata, baba."

"Alisema nini mwishoni?"

"Sikuwa nayo mimi, ulikuwa nayo wewe."

Luhaga alitikisa kichwa kuitikia, akamshukuru, akaweka simu mfukoni. Anyesi alimwambia akae, ugali uko karibu kuiva. Akavuta kigoda, akakaa.